Aparei ya zamani inakataa kazi gani?

Mu nyumba mingi za wafanyakazi wa migodi, ku Kolwezi, ku Likasi ao ku Lubumbashi, kuko kijana mumoja mwenye kubeba saki ya mweusi ku bega. Yeye njo fotografe wa jamaa. Siku ya Posho anapiga picha za ndoa, Siku ya Yenga anasimama ku mulango wa kanisa juu ya ubatizo, na katikati ya juma anapiga foto ndogo za paspoti na za masomo. Feza yenye inatoka mule si mingi, lakini inanunua unga na inalipa minervali ya mudogo wake. Halafu siku moja anakuja mbele ya baba yake: «Papa, aparei yangu imezeeka. Wenzangu wote wako na ya mupya. Unisaidie nibadilishe.»

Baba anajua kazi ya mashini. Akisikia sauti tu, anaweza kukuambia kama pompe imechoka. Lakini aparei ya foto, hajue ataipima namna gani. Basi anakataa kabisa na mutoto anabaki na uchungu, ao anatoa feza yote bila kuuliza, na feza inaenda. Yote mbili si muzuri. Mutu mwenye anapima mashini ya tani mingi kila siku anaweza kupima na hii yenye uzito wa nusu kilo. Inaomba paka ulizo moja: aparei ya zamani inakataa kazi gani?

Feza yenye hairudi

Wazee wa Gécamines wanakumbuka miaka ya 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka katika mupango wa kuondoka kwa kupenda, wenye ulisaidiwa na feza za Banki ya Dunia. Kila mutu alipokea feza yake mara moja. Mu cité unaweza kuonyeshwa nyumba yenye ilijengwa na feza ile, na pale pale unaweza kuonyeshwa mashini ya kusaga yenye ilikufa mbele ya kurudisha bei yake. Siye wa sindika tumebaki na fundisho moja kutoka siku zile: chombo cha kazi hakinunuliwe juu ni kipya. Kinanunuliwa juu kuko kazi yenye watu wako tayari kulipa, na bila chombo kile haifanyike.

Leo feza inatoka ku njia zingine: dekonte ya mwisho wakati kontra inaisha, zamu ya likelemba, avansi ku mushahara. Lakini sheria ni ile ile. Kila mara dekonte zinatoka, wanamemba wanakuja kutuuliza juu ya kamyoneti, juu ya moulin, na sasa juu ya aparei ya foto. Basi tuifungue hii aparei, kama vile tunafungua motere mbele ya kusema imekufa.

Ngazi ya wenye kuanza

Aparei yenye tunazungumuza inaitwa refleksi. Ndani yake kuko kioo kidogo chenye kukuonyesha picha kupitia jicho lenyewe la aparei. Mwili wake unaitwa bwatie. Jicho la mbele ni objektifi, na unaweza kulitoa na kuweka lingine. Kumbuka neno hili la mwisho, tutalirudilia.

Kampuni mbili za Japani, Canon na Nikon, njo zimejaza mitaa yetu. Kila moja iko na ngazi ya bei ya chini kwa watu wenye kuanza. Kwa Canon: 1000D ya mwaka 2008, 1100D ya 2011, 1200D ya 2014, 1300D ya 2016, kisha 2000D na 4000D za 2018. Kwa Nikon: D3000 ya 2009, D3100 ya 2010, D3200 ya 2012, D3300 ya 2014, D3400 ya 2016 na D3500 ya 2018. Kisha pale, kampuni hizi zimegeuza nguvu ku aparei zenye hazina kioo ndani, na Nikon imekwisha kuacha kutengeneza D3500.

Maana yake ni nini kwa jamaa? Ni kusema hii yenye tunaita «ya mupya» mu ngazi ile imekwisha kuwa na miaka yake. Zenye kutumika kwa watu wengine, zenye tunaita okazyo, zinajaa ku soko na bei yao inashuka. Usikubali mutu akukimbize. Tena, kupanda daraja moja tu hakuleti mambo mingi. Mwenye kutoka ku 1200D kwenda ku 1300D anapata hasa Wi-Fi na kioo cha nyuma chenye kuonekana vizuri zaidi. Picha yenyewe inabaki ya megapikseli 18.

Megapikseli hailete mukate

Neno la kwanza lenye muuzishaji anasema ni megapikseli. Tufanye hesabu. Megapikseli moja ni vidoti milioni moja mu picha. Labo muzuri inapiga vidoti 300 mu inchi moja. Foto ya albumu ya sentimetre 10 kwa 15 inaomba vidoti 1 800 kwa 1 200, ni kusema milioni 2 na kidogo. Foto kubwa ya karatasi A4, ile ya kuweka ku ukuta mu salo, inaomba 3 508 kwa 2 480, karibu milioni 8,7. Canon 1000D, muzee wa ngazi, inatoa 3 888 kwa 2 592, ni milioni 10. Basi hata muzee anatosha kwa foto ya ukuta, na anabakisha.

Kama bibi-harusi anakuja kulalamika juu foto yake haionekane vizuri, kosa haliko ku idadi ya vidoti. Liko ku mukono wenye ulitetemeka, ku mwangaza wenye ulikosa, ao ku objektifi yenye kuwa na uchafu. Ukimununulia kijana yule aparei ya megapikseli 24, atapiga picha yenye ukungu ya megapikseli 24.

Tuko na mufano wetu. Sammy Baloji, mutoto wa Lubumbashi mwenye alizaliwa mwaka 1978, anajulikana mu dunia yote kwa picha zake. Mu kazi yake yenye aliita «Mémoire», ya mwaka 2006, alikamata foto za zamani za wafanyakazi wa migodi ya Katanga, akaziweka juu ya picha alizopiga yeye mwenyewe mu viwanda vyenye vilikuwa vimekufa. Foto zile za wazee wetu zilipigwa na aparei zenye leo hakuna mutu angezinunua. Lakini watu wanasimama mbele yao na wananyamaza. Chenye kushika watu ni uso wa mutu na kazi yake.

Kazi tatu zenye ya zamani inakataa kweli

Sasa tusidanganye kijana. Kuko kazi zenye aparei ya zamani inakataa, na pale iko na haki ya kuomba.

Ya kwanza ni giza. Ndoa yetu inaanza muchana lakini inaisha usiku, mu sale yenye taa kidogo, na umeme ukikatika kunabaki paka balbu mbili za grupe. Kila aparei iko na kipimo cha nguvu ya kuona mu giza, chenye kinaitwa ISO. Hesabu ikipanda mara mbili, aparei inaomba nusu ya mwangaza. 1000D inaishia ku 1600. 1100D inafika 6400, ni mara 4 zaidi. D3400 na D3500 zinafika 25 600. Lakini usiamini hesabu ya juu kabisa: pale picha inakuwa kama imemwangiwa muchanga. Amini madaraja mawili chini yake.

Ya pili ni video. 1000D na D3000 hazipigi video hata kidogo. 1100D inapiga ya HD ndogo, na D3100 inapiga Full HD. Siku hizi jamaa mingi zinaomba video ya ndoa, na hata ya kilio, ili ndugu wenye kuwa mbali waone. Kama watu watatu wamekuja na feza mukononi, na kijana amewarudisha juu aparei yake haijue video, ile ni kazi yenye ilikataliwa. Iandike.

Ya tatu ni kutuma. Watu wanataka foto ku WhatsApp siku ile ile. Mu ngazi ya Canon, 1300D njo ya kwanza kuwa na Wi-Fi. D3400 na D3500 zinatumia Bluetooth, na zinapeleka ku telefone picha iliyopunguzwa ya megapikseli 2, yenye kutosha kwa kuangalia. Lakini hapa kuko dawa ya bei ya chini: kisomeo kidogo cha karte chenye unachomeka ku telefone. Unatoa karte mu aparei, unaiweka mule, na picha zinapita. Telefone mingi za leo zinakubali. Kama shida ni kutuma tu, usinunue aparei, nunua kisomeo.

Ya mupya inaweza kukunyanganya kitu

Neno hili wauzishaji hawaseme. Mashini inayofuata haiongeze tu. Mara zingine kampuni inatoa vitu ndani ili kupunguza bei ya kutengeneza.

Angalia Nikon. D3300 ya 2014 iko na tundu la kuchomeka mikro ya inje, na iko na mutambo wa kutetemesha kapteri ili vumbi vianguke. Kapteri njo ile kioo ya ndani yenye inapokea picha. D3400 ya 2016 ilikuja na Bluetooth, lakini tundu la mikro liliondolewa, na ule mutambo wa vumbi pia. D3500 haikuvirudisha. Kwa mutu wa muji wenye mvua kila siku, pengine si kitu. Kwa siye wenye kuishi kando ya karieri, kwenye vumbi ya kamyo inapita mu dirisha toka mwezi wa 5 mpaka mwezi wa 9, ni kitu kikubwa. Na mwenye kupiga video za mahubiri ao za mukutano, bila mikro ya inje atarekodi mupepo.

Upande mwingine, D3500 iko na sifa yake: kwa kipimo cha kampuni, batri moja inapiga picha 1 550, wakati ya D3100 ni 550. Pale umeme unakosa siku mbili, hesabu ile ni ya kufikiri.

Angalia tena Canon. 4000D iko na shingo ya plastiki pale objektifi inafungwa. Wakubwa zake wako na ya chuma. Na mu 2000D na 4000D kuko mutego: ku kichwa, pale unaingiza flashi ya inje, waliondoa kile kipande cha chuma cha katikati. Flashi mingi za bei ya chini zenye si za Canon zinapokea amri kupitia kipande kile. Ukiweka flashi yako ya zamani juu ya aparei hii ya mupya, haiwake. Kijana mwenye studio anaweza kununua 2000D kwa furaha, afike nyumbani, na mwangaza wote wa studio ukatae. Kabla ya kutoa feza, beba flashi yako, iweke ku kichwa cha aparei, na upige pale pale mbele ya muuzishaji.

Saki yote, hapana bwatie tu

Sasa turudilie neno la objektifi. Refleksi za ngazi hii zinauzishwa mara mingi na objektifi moja ya 18-55. Ni muzuri inje, jua likiwa kali. Mu sale ya usiku, ukivuta karibu, jicho lake halifunguke zaidi ya kipimo cha 5,6. Kuko objektifi ingine ndogo ya 50, yenye haivute karibu wala mbali, lakini jicho lake linafunguka mpaka 1,8. Fanya hesabu: 5,6 gawanya na 1,8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Unapata 9 na kitu. Ni kusema objektifi hii inaingiza mwangaza mara 9 zaidi. Kutoka 1000D kwenda 1100D ulipata mara 4 kwa kubadilisha mwili mzima. Hapa unapata mara 9 na mwili ni ule ule wa zamani.

Na objektifi haizeeke pamoja na bwatie. Ya Canon yenye alama EF, aina yenye ilianza mwaka 1987, inaingia mu 1000D na inaingia mu 2000D. Kijana akibadilisha mwili kesho, jicho linabaki. Kwa Nikon uwe na akili: aparei za ngazi ya D3000 mpaka D3500 hazina motere ya kugeuza objektifi. Utafute zenye kuandikwa AF-S. Ukinunua ile 50 ya zamani yenye kuandikwa AF na D ku mwisho, utaigeuza na mukono kila picha, na bibi-harusi hatakungojea.

Batri nazo ni feza. Canon 1100D, 1200D, 1300D, 2000D na 4000D zinatumia batri ya aina moja, LP-E10. Lakini 1000D inatumia LP-E5. Basi mwenye 1100D akipanda ku 1300D anabeba batri na sharjeri zake zote. Mwenye 1000D anaanza upya. Kwa Nikon, toka D3100 mpaka D3500 ni jamaa moja ya EN-EL14, na D3000 iko ingine. Kila kitu chenye hakiingie mu aparei ya mupya, kiandike ku bei yake. Njo bei ya kweli ile.

Okazyo: pima kama fundi

Wengi wetu tutanunua yenye kutumika. Si haya. Hata kamyo ya mugodi inanunuliwa hivyo. Lakini ipime.

Ndani ya refleksi kuko pazia lenye linafunguka na kufunga kila picha. Nikon ilipima la D3200, D3300 na D3500 kwa picha 100 000. Pazia linaweza kupita pale ao kufa mbele, lakini hesabu ile inakuonyesha njia. Kwa Nikon, piga picha moja, uiweke mu ordinateri yenye programu ya kusoma habari za picha, na hesabu ya mara zote aparei imepiga itaonekana. Kwa Canon za ngazi hii hesabu haiandikwe mu picha. Inaomba programu ya pekee. Muuzishaji akikuambia «imepiga kidogo tu», umuombe kuonyesha.

Kisha ugeuze jicho mpaka kipimo cha 22, na upige picha ya mbingu ao ukuta mweupe. Vidoti vya mweusi vyenye vinaonekana ni vumbi mu kapteri. Vidogo vinasafishwa, kama ni vingi na kuko mikwaruzo, acha. Angalia ndani ya objektifi mbele ya mwangaza: ukiona kama nyuzi za buibui, ile ni kuvu, na haitoke kwa kitambaa. Bandika gazeti ku ukuta, ulipige picha moja kwa moja, uangalie kama herufi za pembe ine zinasomeka. Fungua pahali pa batri, tafuta kutu. Jaribu kila kifungo. Piga picha 20 za haraka na uone kama karte inazipokea zote.

Angalia na jina. Aparei moja iko na majina tofauti kufuata inchi kwenye iliuzishwa. Canon 1300D inaitwa Rebel T6 ku Marekani na Kiss X80 ku Japani. 2000D ni Rebel T7 kule, na 4000D ni Rebel T100. Muuzishaji asikuambie Rebel T6 iko juu ya 1300D. Ni mutu mumoja na majina mawili. Fungua menyu uone kama Kifaransa kimo, juu zingine zilitengenezwa kwa soko la kwao tu. Mwisho omba faktire yenye namba ya aparei. Ya bei ya chini sana bila karatasi inaweza kuwa ya wizi, na siku mwenyewe akiiona ku ndoa, utapoteza aparei na jina.

Hesabu ku meza

Baba asikate neno peke yake. Mama wa nyumba akae ku meza, juu feza hii ni ya jamaa, na kijana alete kayee yake ya kazi. Kama hana kayee, aianze leo, na neno la kununua lingojee miezi mitatu. Mu kayee aandike kila kazi: alilipwa ngapi, alilipa labo ngapi, transporo ngapi, alibakisha ngapi. Na ku ukurasa wa pili aandike kila kazi yenye alikataa, na sababu.

Tuchukue mufano, hesabu ni za kufundishana tu. Tuseme aparei ya mupya na vitu vyake ni dola 400, na ku kazi moja kijana anabakisha dola 8. 400 gawanya na 8 ni kazi 50. Lakini usihesabu kazi zenye angefanya hata na ya zamani. Hesabu paka zenye zinaongezeka. Kama zinaongezeka 2 kwa mwezi, feza inarudi kisha miezi 25, zaidi ya miaka miwili. Sasa tuseme ukurasa wa pili unaonyesha shida ni giza tu, na objektifi ya 50 ni dola 100. Ile ni kazi 13. Kwa kazi 2 kwa mwezi, ni miezi 6 na nusu. Jamaa inaona njia yenyewe.

Kama kayee inaonyesha kazi za video zimekataliwa kila mwezi, na bwatie ni 1000D, basi haki iko upande wa kijana, na baba asikaze mukono. Na aparei ya zamani isiuzishwe haraka kwa bei ya bure. Ikae mu saki ya akiba, juu ndoa hairudiliwe siku ya pili kama ya mupya inakufa katikati ya kanisa. Feza ya deni lenye kuzaa kila mwezi, iache kabisa. Faida ya foto ni ndogo kuliko faida ya mukopeshaji.

Na picha za sindika?

Kuko wanamemba wenye wanauliza kama sindika inunue aparei ya mupya juu ya kuonyesha makosa ya usalama. Jibu ni lile lile: ya zamani inakataa kazi gani? Picha ya ngazi yenye kuvunjika, ya kaski yenye kupasuka ao ya nyumba yenye ufa haiombe megapikseli 24. Inaomba vitu vingine. Saa na tarehe ya aparei ziwe za kweli, juu picha yenye tarehe ya uongo inakufa mu biro mbele ya kusomwa. Kitu chenye kipimo kiwekwe kando ya ufa: metre, ao hata kaski. Picha ya kwanza ibaki mu karte kama ilivyopigwa, na kopi ziwekwe pahali pawili, juu picha ikipita ku WhatsApp inapunguzwa na habari zake za ndani zinatoka.

Na tusikie vizuri: mu migodi mingi kupiga picha kunakatazwa, na mufanyakazi anaweza kupoteza kazi. Pahali pa barutu, aparei na telefone zisiingie hata kidogo. Mitambo yenye kutuma mawimbi inaweza kuleta hatari ku detonateri. Delege apite ku komite ya usalama na hijeni, aombe ruhusa kwa karatasi, na apige mbele ya watu. Picha yenye imepigwa kwa njia ya sheria inatetea watu wote. Yenye kuibiwa inatia mwenye kuipiga mu shida.

Kulinda yenye iko

Yenye kukaa muda mrefu ni yenye kulindwa. Usibadilishe objektifi inje wakati vumbi inapita. Ingia mu nyumba, funga mulango, geuza aparei iangalie chini, kisha badilisha. Usipulize ndani na kinywa, mate yanaingia ku kapteri. Tumia pompe ndogo ya mupira. Wakati wa mvua, aparei isilale mu saki yenye maji maji, juu kuvu inazaliwa mule. Kila juma mbili itoe, iweke kwenye hewa kavu, mbali na jua kali. Batri isiachwe mu aparei yenye haitumike miezi.

Basi kijana akikuja na ombi lake, mupe karatasi na kalamu. Aandike mustari tatu: kazi gani ya zamani imekataa, mara ngapi mu miezi mitatu, na kitu gani cha bei ya chini kabisa chenye kinaweza kuifanya. Kama mustari tatu zinajaa, toa feza kwa moyo mumoja. Kama ya kwanza inabaki wazi, muende wote wawili kununua kitambaa cha kusafisha objektifi, kisha mungojee.